Ujumbe wa Sirisia Niliounyamazisha

Wewe ambaye hukunisoma wiki iliyopita, sogea karibu nikuonyeshe tulipofika, halafu tuendelee.

Mimi ni Nakhungu, mama ya Viola. Viola ni mtoto wangu wa pekee. Marehemu mzee wangu Absalom alioa wanawake wawili. Mimi ndiye wa kwanza, naishi nje ya Kitale, njia ya Endebess. Wa pili ni Nabwile, alibaki kwa boma la Sirisia, huko Bungoma. Nabwile alizaa wavulana watupu, na sisi humwita Mama Ian.

Viola aliolewa na Wangila, kijana anayeuzia watu intaneti vijijini. Mnara wake mkubwa uko kwa shamba langu. Kompyuta ya kuangalia minara yote iko kwa sebule yangu, juu ya meza ya marehemu.

Niliwaambia pia kwamba Viola alikosana na bwana yake akatoka bila kuaga. Alinipigia simu akasema, "Mama, niko salama, usinitafute," akakata.

Kwetu msichana akitoka kwa bwana, anarudi kwa mama yake. Bwana ndiye huja na wazee kumuomba, na anamuomba mlangoni kwa mama, si kwingine. Nilifagia chumba. Nilianika blanketi. Nikakaa nikingoja mtoto wangu.

Hakuja. Sasa sikieni yaliyonipata baada ya hapo.

Kwanza muelewe hii kazi yangu. Kwetu Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawaketi chumba kimoja, wala hawaangaliani usoni. Wangila akija kurekebisha kitu, anakohoa kwa lango. Mimi natoka na mlango wa jikoni, ndipo yeye anaingia na wa mbele. Tukiwa na neno, tunasemezana ukuta ukiwa katikati.

Kwa hivyo hawezi kukaa hapa aangalie kompyuta yake. Kazi ilibaki kwangu, mimi niliyeachia darasa la nne.

Viola ndiye alinifundisha. Wangila alikuwa ameweka maneno yake kwa Kiswahili, kwa ajili yangu.

"Mama, nyekundu ni mnara umekufa. Hiyo inamfuata Wangila mpaka kwa simu. Manjano ni kitu kinaanza kuugua, kama betri. Hiyo pia inamfikia. Kijani ni habari tu. Inakuambia nani ameingia kwa mtambo na amepitia mnara gani. Ukishaona, bonyeza NIMEONA."

"Na hiki kitufe cha kengele?"

"Hicho ni NYAMAZISHA. Ni cha wakati fundi yuko juu ya mnara akifanya kazi, usipige kelele bure. Mnara ukinyamazishwa unaendelea kuandika, lakini haulii na haumfikii Wangila kwa simu. Hicho usiguse."

Sikukigusa. Mpaka nilipoanza kuona jambo.

"Wangila ameingia. Mnara: Sirisia."

Saa ya chakula cha mchana. Kesho yake, saa ya chakula, tena. Na kesho yake.

Jirani yangu Chepchumba aliniletea maziwa akanikuta nimekodolea macho.

"Mama Viola, mbona unaangalia hiyo kitu kama imekutukana?"

"Imenitukana. Soma hapa."

"Mimi sina miwani. Nisomee."

"Wangila. Sirisia. Saa ya chakula. Jana pia, juzi pia."

"Si ana mnara huko?"

"Mnara unakula kuku kila siku?"

Alicheka mpaka akaweka mkebe chini. "Kuku umeiona wapi hapo?"

"Namjua Nabwile. Mtu akiuliza njia tu, anachinja."

"Na wewe je? Mkwe akija hapa unampa nini?"

"Chai. Nampitishia dirishani."

"Ya rangi?"

Nikajifanya nasoma kioo.

"Ati chai ya rangi, dirishani! Na ng'ombe zangu ziko hapo zinakamuliwa! Bana, hata mimi ningeenda Sirisia."

Chepchumba alikuwa anacheka, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuungua.

Haikuwa kuku. Niliona jambo lenyewe wazi. Bwana aliyekosana na mke wake anaenda kwa mama ya mke. Huyu anaenda kwa Nabwile. Maana yake nini? Maana yake wameshamfanya Nabwile ndiye mama. Siku moja nitasikia wazee wameketi Sirisia, wamekunywa, wamemaliza mambo ya mtoto wangu, na mimi nimepelekewa habari kama jirani.

Tena Nabwile hakuanza leo. Viola akiwa mdogo alikuwa akienda Sirisia likizo, anarudi amesukwa nywele mistari myembamba kama ya mwalimu. "Nani amekusuka?" "Mama mdogo." Nilikuwa nazifumua kabla hajala, nazisuka upya na vidole vyangu vigumu vya jembe, mtoto analia. Mwanamke ana wavulana wanne, lakini macho yake yalikuwa kwa msichana wangu mmoja.

Nikachukua simu.

"Mama Ian, hamjambo huko?"

"Hatujambo, dada. Mvua imetupiga vizuri. Nyinyi?"

"Sisi tupo. Wageni wanaingia?"

"Wageni ni wa Mungu, dada."

"Wa Mungu tu? Hakuna wa kutoka Kitale?"

"Kitale si ni kwako? Wageni wa Kitale si wanaanzia kwako?"

Alilisema kwa ile sauti yake laini, kama anakupaka mafuta. Halafu nyuma yake nikasikia sahani, na mtu akicheka kidogo, cheko la kuzibwa na mkono.

"Nani anacheka hapo?"

"Redio, dada. Wacha nigeuze ugali usiungue. Ubarikiwe."

Akakata. Redio ya Sirisia inacheka huku inakula.

Nikaketi mbele ya kompyuta, nikafikiri. Wangila ana sababu gani ya kwenda Sirisia? Mnara ulio kwa boma la Nabwile. Mnara ukilia, anaenda. Sasa mtoto asiyelia nani atakumbuka kumnyonyesha?

Nikaenda kwa jina la Sirisia. Nikabonyeza NYAMAZISHA.

Jina likageuka kijivu, na kengele ndogo ikakatwa mstari. Ni hivyo tu. Nawaambia nilijisikia vizuri, kama mtu aliyefunga mlango wa jirani kwa nje akaenda na ufunguo.

Jioni yake manjano ikaandikwa, kimya kimya: "Sirisia: betri inashuka." Nikaiona. Nikabonyeza NIMEONA. Nikaenda kupika.

Siku iliyofuata, jua likiwa katikati, nikasikia mtu akikohoa kwa lango. Wangila. Nikabaki sebuleni, yeye akaja akasimama nje chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta, kama kawaida yake.

"Mama, hamjambo?"

"Hatujambo, baba."

"Kuna ujumbe?"

"Ni wa kawaida tu."

"Viola amepiga simu?"

"Leo hapana."

Nikasikia akichora chini na kiatu.

"Mama, mimi niko tayari kuja na wazee. Aje tu hapa kwako. Nikijua yuko kwako nitalala."

"Aje kutoka wapi?" nikamtega. "Si wewe unapita Sirisia? Huko hawajamuona?"

"Sirisia? Mama, mwezi huu sijakanyaga Bungoma."

Uongo mtupu, nikasema moyoni. Mkwe anasimama kwa ukuta wangu, anakunywa chai yangu, ananidanganya.

Kompyuta ikalia. Kijani. Neno Bokoli, jina la mnara mwingine, likapita machoni, na jina la Wangila, nikabonyeza NIMEONA upesi kama mtu anafukuza nzi, maana sikuwa na shida na Bokoli. Halafu ukaja ujumbe mwingine, huu haukulia kwa sababu niliunyamazisha mwenyewe.

"Wangila ameingia. Mnara: Sirisia."

Nikaangalia kioo. Nikaangalia dirisha. Nikasikia mtu huko nje akinywa chai, fyuu.

"Wangila?"

"Ndiyo, Mama."

"Uko hapo?"

"Niko hapa, Mama. Kuna shida?"

"Hakuna. Maliza chai."

Kama Wangila yuko kwa ukuta wangu, ni nani ameingia kwa jina lake huko Sirisia? Neno lake la siri nilijua liko na watu wawili tu, yeye na mke wake.

Nikakalia mkono wa kiti.

Sahani. Cheko la kuzibwa na mkono. Nilikuwa nimemsikia mtoto wangu akicheka nikaambiwa ni redio.

Ningemwambia Wangila wakati ule ule. Lakini nilifikiria Nabwile akimkabidhi Viola mbele ya wazee, kwa mlango wake, amevaa nguo yake ya kanisa. Nikafunga mdomo. Nikangoja aende, na asubuhi kulipopambazuka nikafunga nyumba nikashuka Bungoma.

Nilifika Sirisia watu wakitoka sokoni. Mlango wa Nabwile ulikuwa umeegeshwa. Sikupiga hodi. Nilisimama hapo nje, na ndani nikasikia sauti ninayoijua kuliko yangu.

"Mama, niongezee chumvi."

Mguu wangu ulishainuka kuingia. Halafu nikasikia Nabwile akijibu, "Nakuletea, mwanangu."

Wewe uliyezaa, nisaidie. Kuna kisu gani sokoni kinachokata hivyo?

Nikasukuma mlango. Viola alikuwa mezani, kompyuta ndogo imefungwa kando yake. Kichwa kimesukwa mistari myembamba, mipya.

"Mama!"

"Endelea kula. Chumvi imetosha?"

Nabwile alisimama na kijiko mkononi. "Dada, karibu. Keti."

"Nimeketi miaka mingi, Mama Ian. Leo nimekuja kusimama."

"Mtoto ni wako, dada. Mimi nimempa pa kulala tu."

"Na nywele? Nazo zilihitaji pa kulala?"

"Mama, wacha mama mdogo," Viola akasema. "Mimi ndiye nilimkataza asiseme."

"Kwa nini hukuja kwangu? Nimefagia. Nimeanika blanketi. Kila mtu akipita njiani nachungulia. Kwa nini kwake, si kwangu?"

Viola akachukua simu, akafungua picha, akaniwekea mbele ya macho. Alikuwa amepiga picha ukurasa wa ujumbe, ule ule ninaoukalia kila siku.

"Soma."

"Wangila ameingia. Mnara: Bokoli."

"Endelea."

"Bokoli. Bokoli tena. Bokoli."

"Unajua kile kisanduku cha mtambo wa Bokoli kimefungwa kwa duka ya nani? Ya Edah. Yule mjane anampigia bwana yangu mpaka tukiwa kanisani. Wangila ananiambia yuko Endebess, na jina lake liko Bokoli. Kwa hivyo nikawa naingia kwa jina lake nione. Sasa angalia hapa kando, Mama. Hii alama. Jina la nani?"

Kando ya kila mstari wa Bokoli kulikuwa na alama ya vema, na neno moja. MAMA.

"Nimeona," Viola akasema. "Nimeona, nimeona, nimeona. Kila siku uliona. Nikasema, basi mama yangu anajua bwana yangu anaenda wapi. Anajua na amenyamaza, ili ile kompyuta isitoke kwa sebule yake. Sasa ningekuja kwako kufanya nini?"

Niliisogeza ile simu kando.

"Viola, nilibonyeza. Sikuona."

"Mtu anabonyezaje nimeona na hajaona?"

"Nilikuwa naangalia Sirisia."

"Sirisia kuna nini?"

Nikamuonyesha Nabwile kwa kidevu. "Huyu. Nilifikiri Wangila anakuja kwake. Kula kuku. Kupanga mambo yako bila mimi. Kila siku natafuta Sirisia tu, hiyo ingine nafagia kando. Bwana yako angeingia hata Bokoli mara mia, mimi ningebonyeza tu."

Nabwile akaweka kijiko chini polepole. "Kuku," akasema. "Dada, tangu Viola aje hapa tunakula mboga ya mrenda tu."

Viola akaanza kucheka, na cheko likageuka kilio katikati. Akaja akapiga magoti akalaza kichwa kwa mapaja yangu, na hapo ndipo nilipogundua nimeshaketi.

"Nisamehe, Mama. Twende nyumbani. Mimi na Wangila tumemaliza. Sitaki wazee, sitaki maneno. Nipeleke nyumbani."

Hilo ndilo neno nililokuwa nalingojea. Nilimtazama Nabwile juu ya kichwa cha mtoto wangu, na nikashiba. Kama mlikuwa mnaniona mzee mzuri, ondoeni wazo hilo. Nilishiba.

Viola akapangusa machozi, akanionyesha picha ya mwisho, kama mtu anayefunga kesi. "Hata jana, Mama. Saa ya chakula. Bila aibu."

Nikaitazama ile picha.

Jana, saa ya chakula, Wangila alikuwa nyuma ya ukuta wangu. Nilimsikia akinywa chai. Bokoli ilipolia, yeye alikuwa anachora mchanga wangu na kiatu.

Kama Viola aliweza kuingia kwa jina la Wangila akiwa Sirisia, mtu mwingine pia aliweza kuingia kwa jina hilo akiwa Bokoli. Sijui ni nani. Lakini jana hakuwa Wangila. Na duniani ni mimi pekee ninayeweza kumwambia Viola hivyo akaniamini.

Nilifungua mdomo kidogo. Halafu nikaona zile nywele zilivyosukwa, nikaufunga.

"Funga nguo zako," nikasema. "Tusichelewe."

Viola akaingia chumbani. Nilisikia zipu ya mkoba. Nabwile alikuwa amesimama mlangoni akiangalia barabara, na nilipomuona shingo yake nikajua kuna jambo.

"Dada, ngojeni kidogo. Kuna mtu anakuja."

"Mtu gani?"

"Mtandao ulikufa asubuhi. Watu wananijazia veranda, kila mtu anataka kutuma kitu. Nikampigia Wangila. Sikumwambia Viola yuko hapa, Mungu anajua. Nilifikiri atauwasha akiwa huko huko Kitale kama siku zote."

Viola akatoka na mkoba. "Mama mdogo, umempigia?"

"Anasema hakupata ujumbe. Hata wa betri hakupata. Ati angepata mapema angeiokoa akiwa Kitale, lakini sasa imekufa kabisa, lazima aje na ingine."

"Hakupata?" Viola akakunja uso. "Hiyo haiwezekani. Nyekundu inamfikia, manjano inamfikia. Labda mtu awe amenyamazisha."

Wote wawili wakageuka wakanitazama.

Mimi nilikuwa naangalia mabati ya Nabwile. Ni mazuri, hayana hata kutu.

"Mama?"

Mara mtu akakohoa huko nje.

Hakuna aliyesogea. Nabwile naye ni mama mkwe, kwa hivyo Wangila alisimama mbali na mlango, upande wa dirisha, kama anavyosimama kwangu.

"Mama Ian, nimefika na betri. Nipande tu?"

Nabwile hakuwahi kumjibu. Viola alikuwa ameshafika dirishani.

"Panda Bokoli! Rudi kwa Edah wako!"

Nikasikia kitu kizito kikiwekwa chini.

"Viola? Ni wewe?" Sauti yake ilipasuka kama ya mvulana. "Viola, uko hapa siku zote hizi?"

"Usiniulize niko wapi. Wewe ulikuwa wapi? Jina lako liko Bokoli kila siku!"

"Bokoli? Mimi kwa Bokoli sijaenda tangu tufunge kile kisanduku."

"Muongo! Hata jana, saa ya chakula. Nina picha hapa."

"Jana saa ya chakula," Wangila akasema pole pole, "nilikuwa Kitale. Kwa ukuta wa mama yako. Mpigie simu umuulize."

"Hakuna haja ya simu," Nabwile akasema, na hakuniangalia. "Yuko hapa ndani."

"Mama wa Kitale yuko hapo?"

"Yuko."

Nilisikia hatua zake zikirudi nyuma, kwa heshima, hata wakati ule. Halafu akapaza sauti ili ivuke ukuta.

"Mama, unisamehe kukuuliza mbele ya watu. Sina mtu mwingine wa kuuliza. Jana nilikuwa kwako, ama sikuwa?"

Viola alinigeukia. Uso ulikuwa umevimba, na ndani ya macho kulikuwa na kitu kimeanza kuamka, kidogo tu, kama anaogopa kukiamini. Nilikiona. Safari hii niliona kweli.

Nikisema ndiyo, atatoka kwa mlango huu, atamkimbilia bwana yake, na mimi nitarudi Kitale na mikono mitupu.

Nikisema wazee tunasahau saa, jua litazama mtoto wangu akiwa kwangu.

Mkoba wake ulikuwa tayari mkononi mwangu. Sijui niliuchukua saa ngapi.

"Jibu, dada," Nabwile akasema. "Mtoto anangoja."

Nikaukaza ule mkoba, nikafungua mdomo.